Mchele Ukigeuka Ulevi: Habari za Sake ya Japani na Makgeolli ya Korea

Mtajie mtu wa pwani mchele, na fikira zake zitakwenda moja kwa moja kwenye sinia la pilau, wali wa nazi, vibibi vya asubuhi na mkate wa kumimina wa mwezi wa Ramadhani. Ni wachache wanaofikiri kwamba punje hiyo hiyo, huko mashariki ya mbali, ndiyo mama wa vinywaji vya ulevi ambavyo serikali zimevitoza kodi, wakulima wakavificha majumbani, na wazee wakaviweka mbele ya makaburi ya wazazi wao. Japani wana sake. Korea wana makgeolli na nduguze. Wazungu wamezoea kuviita vyote "divai ya mchele", jina ambalo lapoteza zaidi kuliko linavyofundisha.

Huenda msomaji akauliza: ulevi wa watu wengine watuhusu nini sisi tuliokatazwa? Jawabu ni kwamba mchele huo uliochachushwa haukai chupani peke yake. Huingia sufuriani, hupakwa juu ya samaki, huchanganywa na siki na sosi. Vijana wetu wanakwenda kusoma Tokyo na Seoul, mabaharia wetu huteremka Kobe na Busan, na migahawa ya vyakula vya huko imekwisha kufunguliwa hapa hapa Kenya. Mtu akiletewa sahani asiyoijua, hawezi kuuliza swali la maana ikiwa hajui kitu kile kilipita njia gani mpaka kikafika mezani. Na njia yenyewe, waama, ni ya ajabu.

Kazi ya kuvu

Tuanze na tunayoyajua. Mgema wetu hana kitu cha kugeuza. Akishalikata karara la mnazi, maji matamu hutona ndani ya kibuyu, na sukari imo tayari. Hamira zilizomo hewani na kibuyuni huyaingia bila kualikwa. Asubuhi ni tembo tamu, jioni ni tembo kali, na likiachwa siku kadhaa huwa siki. Zabibu nazo ni vivyo hivyo: ziponde uziache, zitafanya kazi zenyewe.

Mchele haukubali hivyo. Ndani ya punje mna wanga, na hamira haili wanga, hula sukari. Ukiroweka mchele kwa maji mwezi mzima hutapata ulevi, utapata uvundo. Lazima kwanza kitu kiuvunje ule wanga uwe sukari. Mate ya binadamu yaweza kazi hiyo: tafuna tonge la wali mtupu kwa muda mrefu na utauona utamu unazuka kinywani. Vitabu vya kale vya Japani vinasimulia jinsi watu wa kijiji walivyokaa pamoja, wakatafuna mchele, wakautema chomboni na kuungoja uchachuke. Njia ya pili ni kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kidogo kisha ikakaushwa. Ndiyo njia ya bia ya Wazungu, na ndiyo ya ndugu zetu wa bara wanaopika busaa kwa kimea cha wimbi.

Wajapani na Wakorea walichukua njia ya tatu, nayo ni kuvu. Naam, kuvu ile ile ambayo kwetu ikionekana juu ya kiporo cha wali, mama wa nyumba hukimwaga bila kufikiri mara mbili. Wao waliichunguza, wakaichagua moja isiyodhuru, wakaifuga vizazi kwa vizazi kama mtu afugavyo nyuki. Wataalamu wa elimu ya viumbe huiita Aspergillus oryzae. Wali uliofunikwa nayo Wajapani huuita koji, na mafundi wa sake wana msemo kwamba kwanza ni koji, pili ni chachu, tatu ndiyo upishi.

Upishi wenyewe huanza kwa kuukoboa mchele kupita kiasi. Mchele wa kula wa kawaida huondolewa kama sehemu 10 katika 100 za uzito wake. Wa sake husuguliwa zaidi, kwa kuwa mafuta na protini zilizo upande wa nje wa punje hukifanya kinywaji kiwe kikavu ulimini. Daraja ya ginjo hutaka punje ibaki asilimia 60 au pungufu, na daiginjo asilimia 50 au pungufu, maana yake nusu nzima ya mchele imekwenda kuwa unga. (Unga huo hautupwi. Hutengenezewa biskuti na chakula cha mifugo.) Mchele mashuhuri kwa kazi hii huitwa Yamada Nishiki, uliopewa jina lake 1936 katika mkoa wa Hyogo. Punje zake ni kubwa, na katikati zina kiini cheupe ambamo kuvu hupenda kupenya.

Baada ya kuoshwa na kurowekwa, mchele hupikwa kwa mvuke, haukorogwi majini. Hutakiwa uwe mkavu nje na laini ndani, usigandamane wala usiwe bokoboko. Sehemu yake huingizwa katika chumba chenye joto kama la Mombasa mwezi wa Februari, ukatandazwa, ukanyunyiziwa mbegu za kuvu ambazo ni laini kama vumbi. Kwa siku mbili mchana na usiku mafundi huukesha: wanaupindua, wanaufunika, wanaufunua, kwani kuvu inapokua hutoa joto lake yenyewe, na likizidi itakufa. Mwisho wa siku hizo kila punje imeota nyuzi nyeupe kama pamba, na ukiitafuna ni tamu.

Hapa msomaji asimame kidogo, maana hapa ndipo penye njia panda. Mpaka dakika hii hakuna ulevi wowote. Kuna wali wenye kuvu njema, basi. Ukiuchanganya na wali na maji ya moto kiasi, ukaulaza usiku mmoja, utapata uji mtamu uitwao amazake. Ukiuchanganya na maharagwe ya soya na chumvi ukauweka miezi mingi, utapata miso, ambayo ndiyo supu ya kila asubuhi kwa Wajapani. Kuvu ile ile ikioteshwa juu ya soya na ngano badala ya mchele, ndiyo mwanzo wa sosi ya soya. Ni pale tu fundi anapoongeza maji na hamira na kusudi la kulewesha ndipo inapokuwa sake.

Hamira hiyo huzalishwa kwanza katika chombo kidogo. Kisha koji, wali na maji huongezwa mara tatu katika muda wa siku nne, kila mara kiasi kikubwa zaidi kuliko kilichotangulia, ili hamira isizidiwe. Jambo la kipekee ni kwamba ndani ya pipa hilo moja kuvu inavunja wanga kuwa sukari huku hamira inaila sukari hiyo hiyo, kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwenye bia kazi hizo hutengwa. Kwa sababu sukari huzaliwa polepole na kuliwa papo hapo, hamira haichoki mapema, na baada ya majuma matatu hadi matano kileo hufika karibu asilimia 20, zaidi ya divai ya zabibu. Halafu hukamuliwa, huchujwa, hupashwa moto, na aghlabu hutiwa maji ili kibaki asilimia 15 au 16.

Huko kupashwa moto kuna habari yake. Kumbukumbu za hekalu moja la Kibudha katika mji wa Nara zaonyesha kwamba katika karne ya 16 watawa walikuwa wakiipasha sake moto isiharibike. Louis Pasteur wa Ufaransa, aliyeufundisha ulimwengu kuhifadhi vinywaji kwa njia hiyo, alifanya kazi yake katika miaka ya 1860. Watawa hawakujua habari za vijidudu, walijua tu kwamba pipa lililopashwa moto halichachi. Mahekalu ya Nara yalikuwa katika viwanda vikubwa vya sake vya zama zao, jambo ambalo mtu aliyelelewa chuoni na msikitini huona taabu kulisadiki.

Baadaye kazi ilihamia kwa wafanya biashara, hasa eneo la Nada lililo katika miji ya Kobe na Nishinomiya, ambako maji ya visima yana madini yanayoipa hamira nguvu na hayana chuma cha kuiharibu rangi. Ubora wa maji hayo uligunduliwa mwaka 1840 na mtengenezaji mmoja, Yamamura Tazaemon, aliyekuwa na viwanda viwili, akashangaa kwa nini kimoja kinatoa sake bora kila mwaka. Alibadilisha mchele, akabadilisha mafundi, mwisho akasafirisha maji, na siri ikafichuka. Mapipa yalipakiwa majahazini kupelekwa Edo, ndio Tokyo ya leo.

Kobe hiyo hiyo ndiyo yenye msikiti wa kwanza kujengwa Japani. Ulifunguliwa 1935 na wafanya biashara wa Kihindi na Watatari waliokimbia Urusi. Mabomu ya 1945 yaliuteketeza mji lakini msikiti ukabaki umesimama, na tetemeko la Januari 1995, lililoangusha kura za mbao za sake huko Nada, nalo liliuacha. Waumini husali hapo hadi leo, mwendo mfupi tu kutoka kwenye mapipa.

Kodi na jela

Serikali ya Japani ya zama za Meiji ilikuwa na haja ya fedha za kujenga jeshi na viwanda, na fedha hizo ilizipata chupani. Mwishoni mwa karne ya 19 kodi ya ulevi ilifika kama thuluthi moja ya mapato yote ya kodi, ikaipita hata kodi ya ardhi. Sasa, serikali inayoishi kwa kodi ya pombe haiwezi kumwacha mkulima ajipikie yake bure. Mwaka 1899 kupika pombe nyumbani kulipigwa marufuku kabisa. Pombe yenyewe ya wakulima, nzito na nyeupe, isiyochujwa, huitwa doburoku. Tangu siku hiyo ikawa kitu cha kufichwa, na wakaguzi wa kodi wakawa wageni wasiopendwa vijijini.

Marufuku hayo yapo hata sasa. Mtu mmoja, Maeda Toshihiko, aliyapinga waziwazi katika miaka ya 1980. Alipika doburoku kwake na kuwaalika watu waje waionje, hata maofisa wa kodi hakuwasahau. Kesi yake ilifika Korti Kuu kabisa, nayo 1989 ikahukumu kwamba serikali ina haki ya kulinda mapato yake. Tangu 2003 wakulima wa baadhi ya wilaya wenye nyumba za kulaza wageni hupewa leseni ya kupika kidogo, ila mtu wa kawaida jikoni kwake bado hana ruhusa. Kwetu Kenya msomaji mwenye umri mkubwa hatashangaa. Chang'aa ilipigwa marufuku 1980 na kuruhusiwa kwa masharti 2010, na sababu zilizotajwa zilikuwa za afya. Japani kwa uchache walisema kweli: ni fedha.

Vita navyo vikaleta mambo yake. Mchele ulipokuwa haba wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake, watengenezaji walianza kutia spiriti ya kiwandani, maji, sukari na viungo vya ladha mpaka pipa moja la sake likawa matatu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, walisema wazee wetu, lakini huyu wa Japani alilitia maji kwa njaa, si kwa sifa. Ajabu ni kwamba njaa ilipokwisha maji hayakwisha. Sake hiyo ya mara tatu iliendelea kuuzwa miongo kadhaa, na ni 2006 tu sheria ilipobadilishwa isiweze tena kuitwa jina la sake halisi. Vijana walikuwa wamekwisha kuikimbia. Sake iliyonywewa ilifikia kilele mapema miaka ya 1970, na leo haifiki hata thuluthi ya kiasi kile.

Korea: chupa iliyopokonywa mchele

Tukivuka bahari kwenda Korea tunakuta ufundi wa namna nyingine. Huko hawakuichagua kuvu moja wakaifuga. Wao huponda ngano, wakaitia maji kidogo, wakaikanyaga kwa miguu ndani ya kitambaa mpaka ikawa kama mkate bapa mgumu, kisha wakaiacha majuma kadhaa ishike chochote kilichomo hewani: kuvu za namna nyingi, hamira, na vijidudu vya uchachu. Mkate huo huitwa nuruk. Kwa kuwa hewa ya kijiji hiki si hewa ya kile, ladha ya nyumba hii haikuwa ladha ya ile.

Nuruk husagwa ikachanganywa na wali uliopikwa kwa mvuke na maji, ndani ya mtungi. Baada ya siku kadhaa mtungi mmoja hutoa mambo matatu. Maji safi yanayokaa juu huitwa cheongju, au yakju, nayo yalikuwa ya wakubwa na ya tambiko za wazee waliokufa. Machicha yaliyobaki yakikorogwa kwa maji na kuchujwa juu juu hutoa makgeolli, nyeupe kama tui la pili, yenye uchachu na utamu kidogo, kileo kama asilimia 6 hadi 8. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya mkulima shambani, akiinywa kwa bakuli, nusu kinywaji nusu chakula. Na ile ya juu ikichemshwa na mvuke wake kukusanywa, huwa soju.

Katika ufalme wa Joseon, uliotawala Korea toka 1392 mpaka mwanzoni mwa karne iliyopita, pombe ilikuwa kazi ya nyumba, na kazi ya nyumba ilikuwa ya wanawake. Mama mkwe alimrithisha mkaza mwana wake mapishi kama kwetu mtu arithishwavyo mapishi ya biriani. Walikuja Wajapani. Mwaka 1909, Korea ikiwa tayari mikononi mwao ingawa haijamezwa rasmi, ilitolewa sheria ya kodi ya pombe. Nyingine kali zaidi ikafuata 1916, na kufikia 1934 leseni ya kupika nyumbani haikuwapo tena. Kumbuka kwamba Japani ilikuwa imewafanyia hivyo raia wake wenyewe miaka 35 nyuma. Lakini Mjapani alibakiwa na viwanda vyake vya mababu. Mkorea, ambaye kiwanda chake kilikuwa mtungi wa bibi yake, alibaki bila kitu, na mapishi mengi yalikufa na wenyewe.

Msomaji atadhani uhuru wa 1945 ulirudisha mambo. Haukurudisha. Korea ilitoka vitani 1953 ikiwa taabani, na mchele ulikuwa haba mno. Kuanzia 1965 serikali ya Rais Park Chung-hee ilikataza nafaka kutiwa katika soju, na muda si mrefu mchele ukaondolewa katika makgeolli pia, watu wakalazimika kutumia unga wa ngano ambao mwingi ulikuwa msaada wa Marekani. Rais huyo mwenyewe alikuwa mashuhuri kwa kukaa na wakulima mashambani na kunywa makgeolli pamoja nao. Huko Busan, penye ngome ya zamani ya mlima Geumjeong ambako wanawake walikuwa wakikanyaga nuruk kwa miguu na kufukuzana na wakaguzi, pombe ya kijiji ilimfurahisha hata akaipa ruhusa maalumu kabla ya kuuawa kwake 1979. Sheria ilikuwa ya wote, upendeleo ulikuwa wa mlima mmoja.

Siwezi kuilaumu serikali yote kwa yote. Mchele ukiwa haba, nani atasema mtungi utangulie mbele ya mtoto? Watu wetu wa Lamu na Tana wanaokumbuka miaka ya njaa watalielewa hilo. Lakini kilichopotea ni kitu. Makgeolli ya unga wa ngano ilikuwa nzito na ya kuumiza kichwa, watu wakaitupa wakaikimbilia bia na soju ya kiwandani. Baada ya mbegu mpya ya mpunga iitwayo Tongil kuleta mavuno makubwa, 1977 serikali iliruhusu mchele urudi kwa muda. Uhuru kamili haukuja mpaka kuanzia 1990, na mtu kujipikia nyumbani kwa matumizi yake kukaruhusiwa 1995. Wakorea wakaanza kufukua vitabu vya mapishi vya kale kutafuta walichokuwa wakikijua bibi zao. Mwaka 2021 serikali ile ile iliyokuwa ikivunja mitungi iliutangaza ufundi wa makgeolli kuwa urithi wa taifa.

Neno lililotoka kwa Waarabu

Kuhusu soju kuna jambo ambalo huenda likamgusa msomaji wetu kuliko yote. Wakorea hawakuwa na ufundi wa kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake mpaka karne ya 13. Ufundi huo waliletewa na Wamongoli, waliokuwa wamezitwaa nchi za Uajemi na Iraki na kuuteka mji wa Baghdad 1258. Katika nchi hizo za Kiislamu wajuzi walikuwa wakiutumia kwa dawa na manukato. Marashi mawaridi tunayonyunyizia wageni harusini ni matunda ya mtambo huo huo. Wamongoli waliuchukua mtambo wakaupa kazi nyingine. Walipoweka kambi zao Korea kujiandaa kuivamia Japani, mtambo ukabaki. Miji inayosifiwa kwa soju ya kale, Kaesong, Andong na kisiwa cha Jeju, ndiko kambi hizo zilikokuwa. Na huko Kaesong kinywaji hicho kiliitwa arak-ju, kutoka neno la Kiarabu araq, maana yake jasho, kwa vile mvuke hutona kama jasho. Soju ya chupa za kijani inayojaa madukani leo haina uhusiano mkubwa na hiyo. Nyingi ni spiriti ya muhogo au viazi vitamu, iliyotiwa maji na utamu, kileo chini ya asilimia 20.

Mezani

Sasa turudi kwenye sahani. Pamepata kuwapo watu wanaosema kwamba mchele haukutajwa, kwa hiyo jambo lina nafasi. Ni kweli kwamba Sayyidna Umar, alipohutubu juu ya mimbari, alivitaja vitu vitano ambavyo khamri ilikuwa ikitengenezwa kwavyo, zabibu, tende, asali, ngano na shayiri, wala mchele haumo. Lakini hakuishia hapo. Alimaliza kwa kusema kwamba khamri ni kila kinachofunika akili, na mlango ukafungwa. Baadhi ya wanavyuoni wa Kufa zamani walitofautisha kati ya kinywaji cha zabibu na cha nafaka. Madhehebu ya Imam Shafi, yaliyo ya wengi wetu pwani, hayakuikubali tofauti hiyo.

Kwa hiyo sake, makgeolli, cheongju na soju hazina mjadala. Yenye kuhitaji macho ni yaliyojificha. Lipo la kwanza, mirin, kimiminiko kitamu cha kupikia kinachotengenezwa kwa mchele na koji ndani ya spiriti, chenye kileo kama asilimia 14. Hutiwa katika michuzi mingi ya Kijapani, na ule mng'aro unaouona juu ya kuku au samaki wa teriyaki mara nyingi ni wake. Wakorea nao hutia kinywaji kama hicho katika nyama kabla ya kuichoma, ili kuondoa shombo. Machicha ya sake hutumika kukolezea samaki na kutengenezea achari ya narazuke, iliyopewa jina la ule mji wa watawa.

Siki ya mchele, inayotiwa katika wali wa sushi, hupita kwanza katika ulevi ndipo iwe siki, na viwandani hutiwa siki iliyotangulia ili kuiharakisha. Kauli mashuhuri ya Mashafi ni kwamba ulevi uliogeuka siki wenyewe bila kutiwa kitu umetoharika, uliotiwa kitu haujatoharika. Mahanafi wamelegeza. Mwenye shaka amwulize shekhe wake, na akimwuliza amweleze kwa ukamilifu jinsi siki hiyo inavyotengenezwa, maana wengi huuliza nusu ya swali.

Sosi ya soya iliyochachushwa kwa njia ya asili huzalisha kileo kidogo chenyewe, na viwanda vingine huongeza spiriti isiharibike. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mabaraza ya fatwa ya Malaysia na Indonesia yametofautisha kileo kinachozuka chenyewe katika chakula na kile kilichopikwa kuwa kinywaji cha kulevya. Siku hizi Japani kunauzwa sosi ya soya yenye alama ya halali. Desemba 2024 shirika la UNESCO liliandika katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu ufundi wa Japani wa kupika sake kwa koji, na katika mkutano huo huo likauandika ufundi wa Korea wa kutengeneza sosi na rojo za soya. Matawi yote mawili ya njia panda ile yaliingia pamoja.

Amazake nayo ina mtego wake. Ile ya koji na wali haina ulevi, na hupewa hata watoto. Lakini ipo nyingine yenye jina lilo hilo inayotengenezwa kwa machicha ya sake na sukari, na hiyo ina kileo ndani yake. Jina haliwatofautishi. Huna budi kusoma karatasi ya chupa, au kumwuliza muuzaji kama imetoka kwenye koji au kwenye machicha.

Kwa Mkorea hakuna taabu hiyo. Mwisho wa karamu yeye huleta sikhye, na humo hakuna kuvu wala hamira. Wali huwekwa katika maji ya kimea cha shayiri yenye joto kwa saa chache, mpaka wanga umevunjika na maji yamekuwa matamu, kisha huchemshwa kabla hakijachachuka kitu. Hunywewa baridi, kwa bakuli, na punje chache nyeupe za wali zikielea juu yake.